Mchelea Mwana Kulia

  

Juma hili twajibu barua ya mama mmoja wa Garissa. Hatutaji jina lake wala mtaa wake, kwani ya ndani ya nyumba ni amana. Tumeona vyema kumjibu hadharani kwa sababu jambo lililomsibu limezifika nyumba nyingi za Garissa, Wajir na Mandera, na akina mama wengi walinyamazia kama anavyolinyamazia yeye.

Anasema kwamba mwanawe wa pili alimaliza skuli ya sekondari na kufaulu. Alipotimiza miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho. Vidole vyake vilipopitishwa kwenye mtambo, akaambiwa: wewe si Mkenya, wewe ni mkimbizi, jina lako limo katika daftari la Dadaab. Kijana akarudi nyumbani akidhani wamemkosea kwa mtu mwingine. Akamsimulia baba yake, na baba akainamisha kichwa. Ndipo kijana alipofahamu. Katika ukame wa mwaka 2011, akiwa mwanafunzi wa darasa la sita, baba yake alimchukua pamoja na ndugu zake hadi kambi ya Ifo, akawaandikisha kuwa watu waliokimbia Somalia ili wapate kadi ya posho. Mtoto alikumbuka safari ile na foleni ile, lakini hakujua maana yake.

Tangu siku hiyo, asema mama, mwana hamsalimii baba na baba hamsemeshi mwana. Wakikutana uani, mmoja hupinda. Chakula hutengwa mara mbili. Mama anauliza mambo matatu. Je, mume wangu alitenda dhambi? Je, mwanangu ni mwana asi? Na mimi niliye baina yao, nifanye nini?

Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu huenda wasilijue sana jambo hili, basi natulieleze. Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka na watu wakamiminika kuvuka mpaka. Zikatangulia Ifo, Dagahaley na Hagadera. Mwaka 2011 njaa ilipoikumba Somalia, kambi zilifurika hata idadi ya wakazi wake ikapita watu 400,000. Lakini mvua iliyokatika kule haikunyesha huku. Wafugaji wa Kenya wanaoishi pembezoni mwa kambi hizo ni watu wa lugha ile ile, dini ile ile, na mara nyingi ukoo ule ule. Ng'ombe wao walikufa, mbuzi wao wakafa, hata ngamia wakadhoofu. Ndani ya kambi palikuwa na unga, maharage, mafuta, zahanati na skuli. Nje ya kambi, kwa mwananchi aliyezaliwa hapo, mara nyingi hapakuwa na kitu. Baina ya mwenye kula na mwenye kulala njaa palikuwa na kadi tu.

Basi wazazi wakaenda. Wengine walikwenda katika ile shida ya mwanzo ya miaka ya tisini, wengine mwaka 2011. Wengine waliandikishwa na shangazi au jirani aliyeazima watoto ili aongeze idadi ya vinywa katika kadi yake. Wala hawakuwa wavulana peke yao. Mabinti nao wamo, na wameumia vivyo hivyo. Miaka ikapita, watoto wakawa watu wazima, na madaftari mawili, la wakimbizi na la wananchi, yakalinganishwa. Watetezi wa haki wamekadiria kuwa watu wapatao 40,000 wamejikuta katika hali hiyo: Wakenya kwa baba na mama, wakimbizi kwa alama ya kidole.

Asiye na kitambulisho katika nchi yetu ni kama mtu aliyefungwa bila kuta. Hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hata M-Pesa anaazima ya mwenzake. Hafungui akaunti ya benki. Haombi mkopo wa masomo wala kazi ya serikali. Hapigi kura. Akipanda basi la kwenda Nairobi, kizuizi cha polisi cha daraja la Tana humshusha. Hapati pasipoti, na asiye na pasipoti haendi Hija wala Umra. Akioa, watoto wake nao wataulizwa: baba yenu ni nani?

Twataka msomaji aone ni kwa nini jambo hili huuma zaidi kwa Msomali. Katika jamii hiyo mtoto akianza kusema hufundishwa abtirsi, yaani kuhesabu nasaba yake: jina la baba, la babu, la baba wa babu, hadi vizazi vingi nyuma. Mtoto wa miaka saba hukutajia majina kumi bila kukwama. Nasaba hiyo ndiyo kitambulisho chake cha kwanza, nayo hupita kwa baba. Sasa fikiri kijana anayejua mababu zake wote waliozikwa katika ardhi ya Garissa, kisha aambiwe kuwa yeye si wa hapa, na agundue ya kuwa aliyelifuta jina lake ni yule yule aliyemfundisha kulihesabu.

Na baba naye tusimsahau. Wengi wa akina baba hawa wameonja uchungu huo huo kabla ya wana wao. Mwezi wa Novemba 1989 serikali iliamuru Wasomali wa Kenya waliotimiza miaka 18 wapigwe msasa, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya pili ya rangi ya waridi, ambayo Mkenya wa kabila jingine hakuhitaji. Sisi wa pwani twafahamu kidogo ladha ya jambo hilo, kwani wapo Waswahili, Wabajuni na Waarabu wa kwetu walioambiwa walete vyeti vya babu zao kabla ya kuhudumiwa. Baba aliyepigania karatasi yake mwaka 1989 hakuwa mtu wa kuidharau karatasi ya mwanawe. Akiipoteza kwa mkono wake mwenyewe, basi tujue ya kuwa kilichomsukuma kilikuwa kikubwa.

Waswahili wana methali isemayo: mchelea mwana kulia hulia yeye. Wazee walimkusudia mzazi anayemdekeza mtoto kwa kuogopa machozi ya leo, kisha akavuna aibu ya kesho. Katika ukame methali hii hupata maana nyingine. Baba huyu alichelea kilio cha njaa, na kilio cha njaa si deko. Leo analia yeye.

Sasa tuje kwenye suala la kwanza. Je, baba alitenda dhambi?

Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Sura ya Al-Baqara, baada ya kuharimisha mzoga, damu na nyama ya nguruwe, kwamba aliyelazimika pasi na kutamani wala kuvuka mpaka hana dhambi. Wanazuoni wakajenga juu ya aya hiyo kanuni mbili. Ya kwanza ni kuwa dharura huhalalisha kilichokatazwa. Ya pili ni kuwa dharura hupimwa kwa kadiri yake, isizidishwe. Uongo ni haramu, na chakula kilichotengewa watu waliokimbia vita ni amana ya watu hao. Lakini mzazi aliyeona mbavu za watoto wake zinahesabika, mifugo imekwisha, na hana mlango mwingine wa kubisha, huyo twataraji ya kuwa yumo katika rukhsa ya Mola wake. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Sheria yetu tukufu ina huruma kuliko methali, kwani yenyewe humpa mwenye njaa mlango wa halali na kumwekea mpaka wake.

Mpaka huo ndio unaotupasa kuuangalia. Yule aliyekuwa na ngamia wake na duka lake, akaandikisha watoto kwa tamaa ya kupata safari ya kuhamia Marekani, hali yake si hali ya mwenye njaa. Na yule aliyekwenda kwa njaa, kisha mvua ikanyesha, mifugo ikarudi, naye akaendelea kuishika kadi mwaka baada ya mwaka, huyo ameivuka kadiri ya dharura. Hao na watubu kwa Mola wao, naye ni Mwingi wa kusamehe. Kila baba anaijua nafsi yake. Sisi hatuwezi kumhukumu mume wa mama huyu kwa barua moja, wala mwanawe asimhukumu kwa siku moja ya foleni.

Lakini hapa ndipo twaomba akina baba watusikilize vyema, kwani wengi hudhani ya kuwa mtu akishaondolewa dhambi basi maneno yamekwisha. Sivyo walivyofundisha wanazuoni wetu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mtu aliyekaribia kufa kwa njaa akala chakula cha mwenziwe asiyekuwepo, hana dhambi. Hata hivyo akipata uwezo atamlipa mwenye chakula thamani yake. Kanuni husema kuwa dharura haibatilishi haki ya mwingine. Dhambi imeondoka na deni limebaki.

Tukitazama kwa mizani hiyo, baba huyu si mwenye dhambi kwa kumlisha mwanawe, ila ana deni kwake. Alimnunulia uhai kwa kuweka rehani kitu kisichokuwa chake, nacho ni jina la mwana mbele ya serikali yake. Uhai ulikuwa na thamani zaidi, na alifanya biashara ambayo mzazi yeyote mwenye huruma angeifanya. Hata hivyo rehani ingali huko. Mwenye kuiweka ndiye mwenye jukumu la kwanza la kuikomboa. Kanuni nyingine yasema madhara huondolewa. Na madhara haya hayajaondoka, kila asubuhi kijana anaamka nayo.

Basi, ewe baba, deni hilo hulipwaje? Hulipwa kwanza kwa ulimi. Mwite mwanao, mkae wawili, umweleze mwaka ule ulivyokuwa. Mwambie mifugo mingapi ilikufa, mlilala siku ngapi bila kitu, nani alikushauri kwenda, na ulidhani nini juu ya karatasi ile. Huenda ulidhani ya kuwa ukame ukiisha na karatasi itaisha. Mwambie hivyo. Kijana huyu anaijua adhabu aliyopewa na haijui sababu yake, na mtu aliyeadhibiwa bila kuelezwa sababu hujitungia sababu yake mwenyewe, nayo huwa mbaya kuliko kweli. Kisha umwombe msamaha. Usiseme kwamba baba haombi msamaha kwa mwana. Haki ya Mwenyezi Mungu hutubiwa kwake Yeye. Haki ya mja huombwa kwa mja, na mwana ni mja.

Twajua neno hili ni zito kwa mzee wa heshima. Wapo wanaoona kuwa baba akimlegezea mwana moyo, hadhi yake huanguka. Imepokewa kwamba Al-Aqraa bin Habis alimwona Mtume (S.A.W.) akimbusu mjukuu wake Hasan, akastaajabu, akasema yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamfahamisha ya kuwa asiyehurumia hahurumiwi. Al-Aqraa alikuwa mkubwa wa kaumu yake, mtu wa jangwa na mifugo kama walivyo wazee wetu wa kaskazini mashariki. Mtume hakumpunguzia hadhi. Alimwonyesha kitu kilichopungua ndani ya hadhi hiyo.

Wala baba asidhani ya kuwa yu peke yake. Nabii Yakubu (A.S.) alifikwa na njaa ya nchi nzima. Akawatuma wanawe Misri kutafuta nafaka, nao wakarejea na habari kwamba hawatapimiwa tena mpaka wamchukue ndugu yao mdogo. Yakubu alikwisha kumpoteza Yusuf. Alijua hatari ya kumtoa mwana katika mkono wake, na moyo wake ulikataa. Lakini njaa ilikuwa nyumbani, na mwishowe akamtoa, baada ya kuwachukulia ahadi nzito na kumtegemeza mwanawe kwa Mwenyezi Mungu. Kisha yule naye akazuiliwa ugenini. Yakubu akalia hata macho yake yakawa meupe. Hatukusoma popote kwamba machozi hayo yalimvunjia heshima. Yamehifadhiwa katika Kitabu, na yeye ni Nabii.

Suala la pili: je, mwana ni asi?

Twaanza kwa kumpa haki yake. Kijana huyu ameumizwa kweli. Wenziwe wamekwenda vyuo, yeye yuko nyumbani na cheti chake. Kusema kuwa ameumia si uasi. Kumwuliza baba yake kwa adabu, ilikuwaje hata ukafanya hivi, si uasi. Wapo wazazi wanaotumia neno radhi kama ufunguo wa kumfunga mtoto kinywa: ukisema, nakutolea radhi. Radhi si silaha ya kumnyamazisha mwenye haki, na dua ya mzazi juu ya mwanawe ni kitu cha kuogopwa hata na mzazi mwenyewe.

Baada ya kumpa haki yake, twamwambia kweli yake. Kuacha kumsalimia baba ni jambo jingine. Mtume (S.A.W.) ametukataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu akageuka huku na yule akageuka kule, na akatufahamisha kuwa mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Ikiwa hayo ni ya ndugu katika dini, yaweje kwa baba aliyekuzaa? Katika Sura ya Luqman, Mola wetu amezungumza habari ya wazazi wanaomshurutisha mtoto amshirikishe Mungu. Hata hao akaamrisha wasitiiwe katika shirki, na papo hapo akaamrisha wakaliwe kwa wema duniani. Ikiwa mzazi anayemvuta mwanawe kwenye ukafiri bado ana haki ya kukaliwa kwa wema, mzazi aliyemvuta mwanawe kwenye sahani ya chakula ana haki iliyoje?

Ewe mwana, mtazame Nabii Ibrahim (A.S.) katika Sura ya Maryam. Baba yake alikuwa mwabudu masanamu naye alikuwa katika haki. Alipozungumza naye alimwita kwa jina la ubaba mara nne, kila neno likitanguliwa na upole. Baba akamtishia kumpiga mawe na kumfukuza. Ibrahim akamjibu kwa salamu, na kumwahidi kuwa atamwombea msamaha kwa Mola wake. Hakuacha haki yake hata kidogo, na hakuacha adabu yake hata kidogo. Vitu viwili hivyo vinaweza kukaa katika kifua kimoja.

Na jambo moja zaidi. Mwili unaosimama leo na kumgeuzia baba mgongo ulijengwa na unga wa kadi ile. Kuna watoto wa rika lako ambao baba zao hawakufika Ifo kwa wakati, na leo hawako. Hatusemi haya ili ufiche jeraha lako. Twasema ili ulihesabu lote: lililochukuliwa na lililotolewa. Yusuf (A.S.) alikuwa na kila sababu ya kuwalaumu ndugu zake siku waliposimama mbele yake wakiomba nafaka. Akawatangazia kuwa siku hiyo hakuna lawama juu yao, akamwombea kila mmoja msamaha, kisha akaagiza baba yake aletwe. Wao walimtupa kisimani kwa husuda. Wewe uliandikishwa kambini kwa huruma. Basi nani aliye karibu zaidi na msamaha?

Suala la tatu ni la mama, nalo ndilo lililoifikisha barua kwetu.

Ewe mama, twajua umechoka kubeba maneno ya watu wawili wasiosemezana. Mwana akisema la uchungu, usilifikishe kwa baba kama lilivyo. Baba akisema la ukali, usilifikishe kwa mwana. Imepokewa kutoka kwa Ummu Kulthum binti Uqba kwamba Mtume (S.A.W.) hakumhesabu kuwa mwongo yule anayesuluhisha baina ya watu, akakuza la kheri na kulifikisha. Tazama jinsi aliyeihifadhi hadithi hiyo alivyokuwa mwanamke. Kama mume wako usiku amesema, mtoto huyu amekula? basi asubuhi mwambie mwanao: baba yako jana aliuliza kama umekula. Hapo hukuongeza kitu, ila umelipeleka neno mahali lilipokuwa likienda.

Usichague upande. Ukimwambia mwana kuwa baba yako ndiye aliyekuharibia maisha, utamfurahisha leo na kumpoteza kesho, kwani atabaki bila baba na bila kitambulisho. Ukimwambia kuwa anyamaze kwa sababu mzazi hakosei, hatakuamini tena. Na usiendelee kutenga sahani mbili. Tenga sinia moja. Wasiposema, nawale pamoja bila kusema. Mikono inayokutana katika sinia moja husahilisha ndimi kukutana. Wakishindwa, mtafute mtu wa tatu: mjomba wa kijana, au mzee wa ukoo anayeheshimiwa na wote wawili, au imamu wa msikiti wenu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kusuluhisha baina ya waumini, wala hakuvitenga vita vya ndani ya nyumba.

Sasa tuseme la vitendo, kwa sababu sulhu isiyokwenda ofisini itakuwa nusu ya sulhu. Deni la baba hulipwa pili kwa miguu. Baba na afuatane na mwanawe, wakiwa bega kwa bega, hadi kwa chifu, kwa msajili wa watu, na kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi. Aeleze kwa kinywa chake kwamba yeye ndiye aliyemwandikisha mtoto huyu, katika mwaka huu na kwa sababu hii. Ushahidi wa baba hauna badala. Wachukue kitambulisho cha baba na cha mama, cheti cha kuzaliwa kama kipo, kadi ya kliniki, vyeti vya skuli, na wazee wanaowajua tangu zamani. Kinachoombwa ni kijana aondolewe katika daftari la wakimbizi ili daftari la wananchi limpokee. Katika mji wa Garissa lipo shirika la Haki na Sheria, ambalo limesimama na waathirika hawa hadi Mahakama Kuu. Wasione haya kulibishia mlango.

Mwezi wa Februari 2025 Rais wa nchi alitia saini mjini Wajir tamko la kuondoa ule msasa wa ziada waliokuwa wakipigwa watu wa kaunti za mpakani wanapoomba vitambulisho. Hilo ni jema, na anayetenda jema hushukuriwa. Lakini tusichanganye mambo mawili. Kuondolewa kwa msasa humrahisishia njia yule ambaye hajawahi kuandikishwa kambini. Aliyekwisha kuacha alama ya kidole Dadaab bado anahitaji alama hiyo ifutwe, basi asikae nyumbani akidhani tamko limemaliza kila kitu.

Twaonya pia juu ya njia mbili za mkato. Ya kwanza ni rushwa, ambayo mtoaji na mpokeaji wake wote wamelaaniwa kwa ulimi wa Mtume (S.A.W.). Ya pili ni kujiandikisha upya kwa jina la mtu mwingine au kwa nasaba isiyo yako. Uongo mmoja uliosemwa katika njaa umeigharimu nyumba hii miaka. Uongo wa pili, unaosemwa watu wameshiba, hautapata rukhsa ya dharura. Na kujinasibisha na asiyekuwa baba yako ni katika mambo yaliyokatazwa vikali katika dini yetu. Kijana anayemkasirikia baba yake kwa kulipoteza jina, asije akalitupa jina la baba yake kwa mkono wake.

Kwa viongozi wetu neno letu ni fupi. Mtoto wa darasa la sita hakusema uongo. Aliambiwa aweke kidole akaweka. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga. Baba ataulizwa juu ya nyumba yake. Na aliyepewa kuichunga nchi ataulizwa ilikuwaje hata mwananchi akalazimika kujiita mgeni ndipo apate kibaba cha unga katika ardhi yake. Baina ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika kaunti hizi. Ukame hurudi. Mzazi atakayesimama nje ya ua wa kambi katika ukame ujao asije akalazimika kuchagua tena baina ya tumbo la mwanawe na jina lake.

Kwa wazazi wote wa pwani na bara twasema: yako maamuzi mliyowaamulia watoto wenu wakiwa wadogo, kwa umaskini au kwa hofu. Mmoja alimtoa binti skuli ili ndugu yake aendelee, mwengine alimpeleka mtoto kulelewa kwa jamaa, mwengine aliuza shamba la urithi kulipa matibabu. Mengi yalikuwa na udhuru. Lakini mtoto akikua, ana haki ya kuelezwa, na maelezo hayo yakitoka kwako ni bora kuliko yatoke kwenye mtambo wa ofisini.

Ewe Mola wetu, uliyemrudishia Yakubu mwanawe na macho yake, warudishie wazazi hawa wana wao, na wana hawa baba zao. Wasahilishie njia ya haki yao, uwape mvua yenye manufaa, uwatosheleze kwa halali yako na haramu yako wasiihitaji. Utusamehe sisi, wazazi wetu na waumini wote siku itakaposimama hesabu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.